Wachangiaji wanatoa mara moja halafu wanapotea, tufanyeje michango iongezeke?

Kuna dada kaniandikia, anaongoza shirika dogo linalosaidia watoto wenye ulemavu wapate kusoma, yaani viti vya magurudumu, vifaa vya kusikia, na wasaidizi wa kukaa nao darasani. Kwa kifupi anauliza hivi: mfadhili wetu mkubwa, ambaye karibu nusu ya bajeti inatoka kwake, ametwambia mwakani ndo mwisho. Watu wa kawaida wanatuchangia ila wengi wanatoa mara moja tu hatuwaoni tena. Bodi inataka tuandae hafla kubwa ya chakula cha jioni, vijana wa ofisini wanataka kampeni ya mtandaoni, na hela ya kufanya vyote hatuna, sasa tuanze na lipi?

Dada yangu, pole kwa presha maana najua taarifa kama hiyo ikifika ofisini hata usingizi unapungua. Nikujibu moja kwa moja: usianze na hafla, usianze na kampeni, anza na watu ambao tayari wameshawapa hela hata kama walitoa kidogo na hata kama ni mwaka juzi. Hao ndo hazina yenu na naona kwenye maelezo yako yote umewataja kwa sentensi moja tu, kwamba hamuwaoni tena, wakati swali lote limelala hapo hapo. Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, wahenga walisema, lakini kwenye shirika pakacha likivuja hakuna nafuu ya mtu yeyote, mtatafuta wachangiaji wapya kila mwaka mpaka mchoke na hesabu itabaki pale pale.

Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme mwaka huu mmepata wachangiaji wapya 100. Kule Marekani ambako takwimu hizi zinakusanywa kila mwaka, kati ya watu wanaotoa kwa mara ya kwanza anayerudi mwaka unaofuata ni kama mmoja kati ya watano, na hata ukichanganya wapya na wa zamani wanaorudi hawafiki nusu. Kwa hiyo kati ya 100 wenu mwakani mnabaki na 20 na inabidi mtafute wengine 80 ili tu msimame pale pale mlipokuwa, bado hamjaongeza hata senti. Sasa mkifanya kazi ya kuwatunza wakabaki 40, mmepunguza kazi ya kutafuta kwa robo nzima, na uzuri ni kwamba mtu akishatoa mara ya pili uwezekano wa kutoa mara ya tatu unapanda sana, na anayekaa muda mrefu mara nyingi ndo anayekuja kuongeza kiwango. Kumpata mtu mpya kuna gharama, kuna matangazo, kuna muda, kuna kujieleza upya toka sifuri, ila huyu wa zamani anawajua tayari, kilichomkimbiza ni kwamba alitoa hela ikawa kimya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni orodha. Chukueni kila risiti, kila meseji ya muamala, taarifa za benki, daftari la michango ya taslimu, kila kitu, mkiweke kwenye jedwali moja la kompyuta, hamhitaji programu ya bei mbaya kwa sasa. Safu ziwe jina, namba au barua pepe, tarehe ya mchango wa kwanza, tarehe ya mchango wa mwisho, kiasi cha kila mara, alifikaje kwetu (nani alimleta, au aliona wapi), tulimshukuru lini, na safu ya mwisho pana kabisa ya maelezo, mfano "mwanawe anasoma na mtoto tuliyemsaidia" au "aliuliza kuhusu hesabu zetu hatukumjibu". Hiyo safu ya mwisho watu wanaidharau ila ndo yenye thamani kuliko zote. Mkishamaliza pangeni kwa tarehe ya mchango wa mwisho halafu mtaona makundi matatu yanajitokeza yenyewe: waliotoa mwaka huu, waliotoa mwaka jana wakaishia hapo, na waliopotea siku nyingi. Lile kundi la kati ndo mnaanza nalo, bado wanawakumbuka.

Wapigieni simu. Sio meseji ya wote, simu, na usiombe hela kwenye simu hiyo ya kwanza. Mwambie we ni nani, mwambie mwaka jana alichangia, mwambie ile hela ilifanya nini, halafu muulize ilikuwaje akavutiwa kutoa, kisha nyamaza umsikilize. Utashangaa majibu. Wengine watasema "mi sikujua hata kama ilifika", na hilo likijirudia mara nyingi ujue tatizo lenu sio umaskini wa watu wala sio uchumi kuwa mgumu, ni risiti na shukrani.

Na kuhusu shukrani hapa naomba unielewe vizuri maana watu wengi wanadhani kushukuru ni ile meseji ya "tumepokea mchango wako, ahsante kwa kutuunga mkono" inayojituma yenyewe. Hiyo ni risiti, ni lazima iwepo na ije papo hapo, ila sio shukrani. Shukrani inakuja ndani ya siku mbili, imeandikwa na mtu, ina jina la mtu, na inataja kitu kimoja kinachoshikika. Mfano:

"Habari mama, mchango wako umeingia leo asubuhi, ahsante sana. Tumeuweka kwenye fungu la viti vya magurudumu, sasa hivi kuna watoto wanne kwenye foleni na mchango wako umeingia kwenye kiti cha wa kwanza. Siku tukikabidhi nitakuandikia mwenyewe. Mimi ndo mratibu, hii ni namba yangu."

Ona hapo, hakuna maneno makubwa, kuna foleni, kuna kiti, kuna ahadi. Na ile ahadi ndo sehemu ngumu kwa sababu kweli inabidi siku ya kukabidhi uandike. Kuna utafiti mmoja ulitoka 2023 wa Anya Samek na Chuck Longfield, walifuatilia wachangiaji zaidi ya laki tano kwa miaka sita huko Marekani, wengine walipigiwa simu za ahsante wengine hawakupigiwa, na ikaonekana zile simu hazikuongeza kurudi kwa watu hata kidogo. Walioendesha mashirika wengi walishtuka maana walitegemea makubwa. Mi naisoma hivi: simu ya ahsante inayokuja miezi kadhaa baadaye, kutoka kwa mtu usiyemjua anayesoma karatasi, haimwambii mchangiaji kitu kipya chochote. Kwa hiyo sisemi mnunue huduma ya simu za shukrani. Nachosema ni kwamba mtu anataka kujua hela yake ilienda wapi, na kama simu, meseji, picha au barua haimpi hilo basi ni kelele tu hata iwe ya adabu kiasi gani.

Utaratibu rahisi wa kuanza nao, mara ya kwanza mshukuru haraka, mara ya pili baada ya miezi miwili mitatu mpe taarifa ya kilichofanyika BILA kuomba, mara ya tatu ndo uombe tena. Mashirika mengi yanaruka hiyo ya katikati, mtu anapokea ahsante leo halafu kinachofuata ni ombi jingine, mtu anajisikia kama ATM. Na taarifa isiwe kurasa ishirini zenye majedwali. Aya mbili na picha moja zinatosha, na kama kitu hakikwenda vizuri kiseme, mfano vifaa vya kusikia vimechelewa miezi miwili kwa sababu hii na hii na sasa tumefanya hivi. Watu wazima wanajua kazi ina matatizo, wasichokipenda ni kufichwa.

Sasa tuje kwenye kuomba kwenyewe. Nilisoma ile meseji mnayotumia, imeanza na "shirika letu linajishughulisha na kuwawezesha watoto wenye ulemavu kupata elimu jumuishi kwa kushirikisha wadau mbalimbali". Dada, hiyo ni lugha ya andiko la mradi, inafaa kwa afisa miradi anayejaza fomu, mtu aliyekaa kwenye basi na simu yake mkononi haimgusi. Linganisha na hii:

"Kuna msichana wa miaka tisa anapenda hesabu kuliko somo lolote. Gurudumu la kiti chake limevunjika na toka siku hiyo hajafika darasani, hakuna wa kumbeba kila siku. Kiti kipya tumeshakiulizia bei na theluthi mbili ya hela tunayo. Unaweza kutusaidia kumalizia theluthi iliyobaki wiki hii? Linki ya kuchangia hii hapa."

Mtoto mmoja, tatizo moja, pengo linalojulikana, muda, na mahali pa kubonyeza. Hili la mtoto mmoja sio mapambo. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walitoa utafiti, watu walipewa nafasi ya kuchangia, kundi moja likasomewa habari za msichana mmoja wa miaka saba wa Mali aitwaye Rokia, kundi jingine likapewa takwimu za mamilioni wenye njaa, na kundi la tatu likapewa vyote viwili. Waliosoma habari za Rokia peke yake walitoa karibu mara mbili ya waliopewa takwimu, na la ajabu ni kwamba waliopewa Rokia pamoja na takwimu walitoa pungufu ya waliopewa Rokia peke yake. Yaani ukibandika "na kuna maelfu wengine kama yeye" chini ya hadithi unaipunguza nguvu. Takwimu ziweke kwenye ripoti ya mwaka, kwenye ombi muache huyo mtoto asimame peke yake.

Ila hapa kuna jambo linaniuma na siwezi kulipita. Huyo mtoto awe wa kweli, habari iwe ya kweli, na mzazi wake akubali, na mtoto mwenyewe kama ana umri wa kuelewa aulizwe kwa lugha anayoielewa na aruhusiwe kukataa, na msaada wake usitegemee amekubali au amekataa. Msimpige picha akilia, akiwa chini kwenye vumbi, akiwa hajavaa vizuri. Ikiwezekana tumieni jina jingine na msitaje shule, kwa sababu picha ikishaingia mtandaoni haitoki na huyo mtoto atakuja kuwa mtu mzima, atajitafuta kwa jina lake siku moja. Mwoneshe akiwa na daftari lake la hesabu. Nimeona michango ikiingia vizuri tu kwa picha za watoto wanaocheka, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba bila machozi watu hawatoi.

Jambo jingine kwenye kuomba, taja kiasi. Watu wanaogopa kutaja wakidhani ni kukosa adabu, matokeo yake mtu anabaki anajiuliza nitoe ngapi, anaona aibu kutoa kidogo, anaahirisha, kwisha. Kwa aliyewahi kutoa angalia kwenye orodha alitoa ngapi mara ya mwisho, mwombe hicho hicho au juu kidogo. Kwa mpya weka viwango vitatu vinne na kila kimoja sema kinagusa nini, lakini hesabu iwe ya kweli. Kama mnasema kiwango fulani kinamlipia msaidizi wa darasani mwezi mmoja basi kweli gawanyeni gharama za msaidizi mwone kama inafika. Na jaribuni wenyewe kuchangia kupitia linki yenu kwa simu ya kawaida yenye bando dogo. Mara nyingi fomu inadai anwani ya posta, inadai kufungua akaunti, inazunguka dakika nzima, na mtu aliyekuwa na nia njema anafunga anaendelea na mambo yake. Fomu iulize kiasi, jina, namba au barua pepe, basi.

Sasa jambo ambalo kwa hali yenu naliona kubwa kuliko kampeni na hafla: mchango wa kila mwezi. Mfadhili mkubwa akiondoka mnachopoteza sio hela tu, mnapoteza uhakika, hamjui mshahara wa mwezi wa nne utatoka wapi. Mchangiaji wa kila mwezi hata awe wa kiasi kidogo anakurudishia huo uhakika, kwa sababu akishaidhinisha makato benki au kwenye simu anaendelea bila kuombwa upya, na kwa mwaka mzima jumla yake huwa kubwa kuliko ambayo angekubali kuitoa kwa mkupuo. Waombeni kwanza wale waliotoa mara mbili au zaidi, hao wameshaonesha moyo. Wapeni jina la kundi kama mnataka ila msipoteze wiki tatu mkibuni jina na nembo, cha muhimu ni ombi lieleweke: "ukitoa hiki kila mwezi unabeba sehemu ya msaidizi wa darasa moja mwaka mzima, na unaweza kusitisha wakati wowote kwa meseji moja". Na mtu akisitisha msitisheni siku hiyo hiyo, mshukuruni, wengine hurudi. Hakikisheni pia mnafuatilia makato yanayoshindwa, kadi imeisha muda, salio halitoshi, namba imebadilika, maana wengi wanaoonekana wameacha hawajaacha, ni makato yamekwama na hakuna aliyewaambia.

Upande wa pili ni wale wachache wenye uwezo mkubwa. Kwenye karibu kila shirika ukipanga orodha kwa kiasi utakuta watu wachache wa juu wamebeba sehemu kubwa ya hela yote. Chukua majina kumi ya juu, na uongeze watu ambao bodi inawajua. Hao hawaombwi kwa meseji wala kwa barua iliyochapwa, mnakaa nao ana kwa ana, na mara ya kwanza mnaenda kumwonesha kazi sio kumwomba. Mpeleke akaone darasa (bila kugeuza watoto maonyesho), akae na mwalimu, aulize anachotaka. Mara ya pili ndo unamwambia waziwazi, "tumekuja kukuomba ubebe gharama za wasaidizi wawili kwa mwaka mmoja, ni kiasi hiki", halafu nyamaza. Kunyamaza hapo ni kugumu, watu wengi wanajaza ule ukimya kwa kupunguza ombi wenyewe kabla mtu hajajibu. Akisema hapana muulize kama ni kiasi, ni wakati, au ni kazi yenyewe haijamgusa, kwa sababu hayo ni majibu matatu tofauti kabisa na kila moja lina njia yake.

Na hapa nirudi kwa mfadhili wenu anayeondoka. Msimwage machozi mbele yake wala msimkasirikie, bado ana mwaka mmoja na nyie, na huo mwaka unaweza kufanya kazi mara mbili mkiutumia vizuri. Kuna njia mbili zilizopimwa. Ya kwanza ni kulinganisha michango, yaani anaahidi kwamba kila kinachotolewa na watu wa kawaida naye ataweka kiasi hicho hicho hadi kikomo fulani. Dean Karlan na John List walilijaribu hili kwa barua zaidi ya 50,000 zilizoenda kwa wachangiaji wa zamani wa shirika moja la Marekani, matokeo yakatoka 2007: ahadi ya kulinganisha iliongeza hela kwa kila barua kwa asilimia 19 na uwezekano wa mtu kutoa kwa asilimia 22, lakini kupandisha ahadi iwe mara mbili au mara tatu ya mchango hakukuongeza kitu juu ya ile ya kuweka kiasi sawa na mchango. Kwa hiyo usimsumbue mfadhili aweke mara tatu, kiasi sawa kinatosha, ila ahadi iwe ya kweli, kama angetoa hela hiyo hata watu wasipochanga basi msiwaambie watu kwamba inategemea wao.

Njia ya pili naipenda zaidi kwa shirika lenu. Mwaka 2014 Uri Gneezy na wenzake walitoa kwenye jarida la Science utafiti wa barua 40,000, wakaona kwamba watu walipoambiwa gharama za uendeshaji zimeshalipwa na mfadhili mwingine, kwa hiyo hela yako yote inaenda kwenye kazi yenyewe, jumla iliyochangwa ilikuwa karibu mara tatu ya barua ya kawaida, na ilizidi hata zile barua za kulinganisha. Shirika la charity: water lililoanzishwa 2006 limejengwa juu ya wazo hilo hilo, kuna kundi la wafadhili binafsi wanaolipia mishahara na ofisi, na michango ya umma yote inaenda kwenye miradi ya maji. Nendeni kwa mfadhili wenu mumwambie: mwaka wako huu wa mwisho, badala ya kulipia viti, ukilipia ofisi, mhasibu na usafiri, sisi tutasimama mbele ya watu na kusema kila senti inaenda kwa mtoto. Mkataba wake kama unabana matumizi fulani inabidi akubali kwa maandishi kuubadilisha, msihamishe hela kimyakimya hata kama nia ni njema. Na kabla hajaondoka mwombeni awatambulishe kwa wafadhili wenzake wawili au watatu, wao kwa wao wanazungumza na neno lake lina uzito kuliko andiko lenu.

Lakini nisikuache na wazo kwamba gharama za ofisi ni aibu. Sio. Mhasibu ndo anayefanya mchangiaji aamini kwamba hela yake haijapotea. Siku mtu akiuliza asilimia ngapi inaenda kwenye utawala mjibu kwa namba halisi na umweleze kila fungu linafanya nini, usijibanze.

Vijana wa ofisini sasa na kampeni yao. Wasivunjike moyo, ina nafasi yake, ila itafika tu kwa wale wanaowajua kwanza. Kampeni ya mtandaoni ikianza na sifuri kwenye ukurasa watu wanapita, ikianza tayari imefika theluthi moja watu wanaona kitu kinasonga. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya kutangaza waombeni wale wa karibu watoe siku ya kwanza. Na mpeni kila mchangiaji sababu ya kumleta mwingine. Joseph Pulitzer mwaka 1885 alikuwa hana intaneti wala simu ya mkononi, kamati ya kujenga msingi wa Sanamu ya Uhuru kule New York ilikuwa imekwama, yeye akatumia gazeti lake la World kuahidi kuchapa jina la kila anayetoa hata akitoa senti chache, na ndani ya miezi mitano watu zaidi ya 120,000 wakachanga zaidi ya dola 100,000, wengi wao hawakufikisha dola moja. Watu walinunua gazeti kuona majina yao na ya jirani zao. Kanuni bado ni hiyo hiyo, mtu mdogo akitambuliwa hadharani kwa heshima sawa na mkubwa anasimama wima na anawaambia wenzake (na asiyetaka jina lake lionekane muachieni, muulizeni kabla).

Ile ya ndoo ya maji ya barafu mwaka 2014 wengi wanaikumbuka, mtu anajimwagia maji kwenye video halafu anawataja wenzake nao wafanye hivyo au wachangie, na chama cha ALS Marekani (ALS ni ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli) kilipata dola milioni 115 ndani ya wiki kama nane. Bodi nyingi toka hapo zinasema "tutafute na sisi kitu kama kile". Hakipangwi. Hata chenyewe hakikuanzia ofisini kwao, kilianza kwa watu wa kawaida wakapasiana. Cha kujifunza ni walichofanya baadaye, mwaka 2016 waliweza kurudi kwa watu na kusema utafiti uliolipiwa kwa hela ile umesaidia kugundua jeni la NEK1 linalohusiana na ugonjwa. Hilo ndo la kuiga. Vile vile kwenye tetemeko la Haiti Januari 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani walikusanya zaidi ya dola milioni 30 kwa meseji za dola 10 kila moja, kwa sababu kutoa kulikuwa ni kuandika neno moja tu na kutuma. Urahisi wa kutoa ni nusu ya kampeni.

Hafla ya chakula cha jioni nitaisema kwa ufupi kwa sababu nina msimamo nayo. Kwa shirika dogo hafla ya kwanza mara nyingi inakula miezi mitatu ya wafanyakazi wote, na mkijumlisha ukumbi, chakula, muziki, mapambo, pamoja na mishahara ya muda uliotumika (ambayo watu hawaijumlishi) kinachobaki kinasikitisha. Hafla inalipa pale ambapo gharama zote zimebebwa na wadhamini kabla kadi hazijachapwa, kila mjumbe wa bodi amejaza meza yake mwenyewe, na wanaokuja mmeshazungumza nao na wanajua wataombwa. Kama hayo matatu hayapo, waambieni bodi iahirishwe mwaka mmoja, na badala yake kila mjumbe awalete watu watatu kwenye chai ya jioni ofisini kwenu, gharama ni ndogo na mazungumzo yanakuwa ya kweli. Tena kabla bodi haijaomba mtu yeyote, wajumbe wote wawe wameshatoa wenyewe, kiasi sio hoja, kila mmoja kwa uwezo wake, maana mchangiaji mkubwa akiuliza "bodi yenu nayo inachangia?" jibu lazima liwe ndiyo, wote.

Mambo ya sheria msiyaache nyuma. Angalieni kama kuchangisha hadharani au mtandaoni kunahitaji kibali kwenu, kama mchangiaji anapata nafuu ya kodi na risiti yake inatakiwa iweje, na taarifa za watu mnazihifadhi wapi na nani anazifungua. Akaunti iwe ya shirika, sio namba ya mtu hata awe mwaminifu vipi, na kutoa hela kuwe na saini mbili. Mchango uliotolewa kwa ajili ya viti usilipe kodi ya pango, mkitaka kuubadilisha rudini kwa aliyetoa mumuulize. Na hela ya mtu ambaye jina lake likihusishwa na watoto mtashindwa kueleza, ikataeni hata mwezi ukiwa mgumu.

Kwa hiyo mpangilio wangu kwenu ungekuwa huu, mwezi wa kwanza orodha na simu kwa waliotoa mwaka jana, na papo hapo kikao na mfadhili kuhusu mwaka wake wa mwisho, hivyo viwili haviwezi kusubiri. Mwezi wa pili na wa tatu taarifa kwa wachangiaji wote bila kuomba, fomu irekebishwe, na mazungumzo na yale majina kumi yaanze. Kuanzia wa nne ndo ombi la kila mwezi kwa waliorudia, halafu kampeni ya mtandaoni ije juu ya hayo ikiwa na ahadi ya mfadhili ndani yake. Pimeni vitu vitatu tu kila mwezi: wangapi waliotoa mwaka jana wamerudi, wangapi wanatoa kila mwezi, na kila senti mliyotumia kuchangisha imeleta ngapi. Msitegemee pengo la mfadhili lizibe lote mwaka wa kwanza, kwa hiyo bajeti ya mwakani iandikeni mbili, moja ya hela mliyo na uhakika nayo na nyingine ya mnayoitegemea, na mkiajiri watu fuateni ile ya kwanza.

Kama rekodi zenu bado ziko kwenye madaftari na makaratasi nitumie mfano wa ukurasa mmoja, ufute majina na namba za watu kwanza, nikuoneshe jinsi ya kuzihamishia kwenye jedwali bila kupoteza wiki nzima.